Mnaouza tairi za sakiti na vipara mkiziita "sliki za dragi", mnatafuta kutuua

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie kwenye matangazo, siuzi kitu. Nimekuja kulalamika, na nitalalamika kwa kirefu.

Mimi niko Moshi. Gari ni Mark II yenye injini ya 1JZ ya turbo, inavuta nyuma. Nilikuwa natafuta pea ya sliki za nyuma, yaani tairi za mbio zisizo na mistari, kwa ajili ya dragi, mbio za kunyooka, mita 402 za lami iliyofungwa, basi. Nikampata muuzaji wa Arusha. Duka silitaji, aliyewahi kupigwa hapo atalijua tu. Nikamwandikia bila kuficha ninachotaka: 26.0/8.5-15, yaani kimo inchi 26, uso inchi 8.5, rimu inchi 15. Akanitumia picha safi kabisa ya tairi za Mickey Thompson, maandishi ya ubavuni hata mtoto wa chekechea anayasoma. Milioni moja na laki nne kwa pea. Nikalipa kwa simu, mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikaupokea stendi.

Nafungua plastiki. Ubavuni pameandikwa 200/580R15.

Anayejua ameshashika kichwa. Asiyejua ngoja nimweleze, maana hawa jamaa ndipo wanapolia chakula chao. Hizo ni namba za tairi la sakiti, yaani la mbio za kuzunguka zenye kona, zinaandikwa kwa milimita: uso 200, kimo 580. Sliki za dragi kutoka Marekani, iwe Mickey Thompson au Hoosier, zinaandikwa kwa inchi, na kimo ndicho kinachotangulia. Milimita 580 ni kama inchi 22.8. Nimeagiza inchi 26, naletewa tairi fupi kuliko hata lile ninaloendea sokoni, kwa sababu 225/50R16 ya kawaida ina karibu inchi 25! Halafu lenyewe kuukuu. Limepakwa dawa likang'aa, ukilikunja kidogo unaona nyufa nyembamba zimejaa ubavu mzima.

Nikapiga simu. "Kaka, sliki ni sliki. Haina mistari, inanata. Hizo ndizo wanatumia Ulaya." Nikamwambia rudisha hela yangu. "Mzigo ukishatoka dukani haurudi, chalii yangu." Nikipiga tena, nimeshafungiwa.

Kuibiwa tumezoea. Kinachonichoma ni hiyo "sliki ni sliki", kwa sababu siku hizi naisikia kila gereji, kuanzia Pasua ya Moshi mpaka Sakina ya Arusha, na kuna watu humu ndani wanaitetea.

Tairi la sakiti limeundwa likate kona. Ubavu wake ni mgumu makusudi, gari likiegemea lisijikunje. Mpira wake unaanza kushika sawasawa ukishapata joto la nyuzi 80 hadi 100 hivi, na dereva analipata joto hilo kwa kuzunguka raundi baada ya raundi. Sisi tunakimbia sekunde kumi na kitu. Joto hilo utalitoa wapi? Sliki ya dragi ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Ubavu laini, upepo kidogo. Ukiachia klachi, rimu inaanza kuzunguka kabla uso wa tairi haujazunguka, ubavu unajikunja mikunjo mikunjo, na mikunjo hiyo inameza mshtuko wote wa injini halafu inauachia lami polepole. Wakati huohuo sehemu inayogusa chini inarefuka. Yaani kile kinachoonekana kwenye video kama tairi limeishiwa upepo ndiyo kazi yenyewe. Joto lake unalitengeneza kwa kuchoma tairi kidogo kabla ya kuondoka, na hapo unaondoa na vumbi.

Ukitoa huo ubavu laini, unabaki na nini? Muulizeni kijana mmoja hapa jirani mwenye Altezza. Aliuziwa za sakiti kama zangu, yeye akazifunga. Akachoma tairi mpaka moshi ukafunika gari, watu wakapiga makofi, kumbe moto umeishia juu juu. Kuachia klachi, nyuma ikaanza kurukaruka kama punda aliyeumwa na nyuki. Ubavu haumezi kitu, kwa hiyo kila mruko unakwenda kupiga shafti moja kwa moja. Jointi ya kushoto ikapasuka palepale kwenye mstari wa kuanzia. Tena ana bahati. Ingepasuka kule mwisho, gari likiwa kwenye kasi kubwa, tungekuwa tunaandika habari nyingine. Muuzaji wake alipopigiwa alimwambia tatizo ni dereva.

Na hao wa sakiti angalau wanauza tairi la mbio. Wapo wengine wanachukua tairi la barabarani lililokwisha, wanasaga mistari iliyobaki, wanakuita mteja. Wakuu, mpira wa tairi la barabarani ni mgumu kwa sababu umetengenezwa utembee maelfu ya kilomita. Kwenye kipimo cha ugumu cha Shore A unakuta 60 mpaka 70 hivi. Kulisaga hakulifanyi lilainike hata kidogo. Unachofanya ni kupunguza mpira uliokuwa unakutenganisha na nyaya. Tairi la namna hiyo trafiki wa Boma Ng'ombe akiliona anakushusha, wewe unalifunga kwenye gari la nguvu za farasi 400!

Haya, nije kwa wataalamu wa humu, maana nanyi mna mchango wenu. Nilipouliza hapa jukwaani nichukue saizi gani, nusu ya majibu yalikuwa "chukua 28 kwa 10.5 mkuu, ndiyo wanayotumia wakubwa". Wakubwa gani? Mnaangalia magari ya dragi ya Top Fuel ya Marekani yenye tairi za inchi 36 kwa 17.5, injini ina farasi maelfu, mnadhani upana ndio unaoleta ushindi. Kimo cha tairi ni gia! Difu yangu, ile gia ya mwisho ya kule nyuma, ni 3.9. Nikitoa tairi la inchi 25 nikaweka la 28, ni sawa na kushusha difu mpaka karibu 3.5. Nikiweka la 26, inakuwa kama 3.75. Sasa turbo yangu haiamki mpaka mizunguko ipande, nikiirefushia gia namna hiyo gari linaondoka limelala. Hiyo Altezza ya jirani ndiyo kabisa. Haina turbo, ilitoka kiwandani na farasi 210, na Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, unapoteza asilimia 13 hadi 15 ya nguvu kabla hujawasha hata feni. Umfungie matairi mazito ya inchi 28 ili iweje? Atapitwa na Noah.

Mahesabu haya si siri. Zidisha kimo cha tairi kwa 3.14 upate mzunguko wake, angalia unataka uvuke mstari wa mwisho kwa kasi gani, gia ya ngapi, injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Mfano, tairi la inchi 28, difu 3.9, gia ya nne ya moja kwa moja, kilomita 177 kwa saa: injini iko kwenye mizunguko kama 5,150 kwa dakika. La inchi 26 inakuwa kama 5,550. Ujue injini yako nguvu inaitoa wapi, ndipo uchague kimo. Uso mpana unaongeza baadaye, kadiri uzito na nguvu za gari zinavyodai na bodi inavyoruhusu.

Kuna hili pia la bayasi na radiali, wauzaji wanalikwepa kabisa, ukiuliza wanakwambia "zote nzuri". Bayasi, ambayo nyuzi zake zimepishana mshazari, ndiyo ile yenye ubavu wa mikunjo. Inasamehe. Lami ikiwa mbovu ikateleza kidogo, inaweza kushika tena. Radiali, ambayo nyuzi zake zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, haijikunji vile, haivimbi kwenye mwendo, na kule mwishoni inakwenda kasi zaidi, lakini inataka lami iliyoandaliwa kwa gundi na kusafishwa, na ikishaachia imeachia, punguza mafuta uanze upya. Huku kwetu nani anamwaga gundi? Lami tunayokimbilia ina vumbi jekundu asubuhi na mchanga jioni. Kwa gari la klachi la mkono kwenye lami kama hiyo mimi nataka bayasi, na sitaki kusikia habari nyingine. Ila mbele ukiacha radiali laini wakati nyuma ni bayasi, gari linaweza kuyumba kwenye kasi kubwa, watengenezaji wenyewe wanaonya. Muuzaji gani wa hapa amewahi kukuambia hilo?

Upepo nao. Nimesikia kwa masikio yangu mtu anaambiwa ajaze psi 32 "kama kawaida". Ukijaza hivyo tairi linasimamia katikati tu, kingo hazigusi lami, hela ya uso mpana umeitupa. Gari la uzito wa Mark II na bayasi ya saizi ile, anzia kama psi 15, shuka kidogo kidogo. Paka chaki uso mzima, sogeza gari, angalia chaki imefutika wapi. Halafu chora mstari mmoja wa chaki unaotoka kwenye rimu kwenda kwenye tairi. Ukirudi umekuta mistari imeachana, tairi linateleza ndani ya rimu, unahitaji skrubu za rimu na tyubu. Fundi pancha wa kawaida ukimwambia skrubu za rimu anakutazama mara mbili, ila kazi anaiweza ukimwonyesha.

Nimeona kuna aliyeniandikia pembeni kwamba nizitumie hizi za sakiti barabarani "mpaka ziishe, usipate hasara". Ndugu yangu, masika ndiyo haya, tairi lisilo na mistari halina pa kupitishia maji. Nikitoka hapa hadi uwanja wa ndege wa KIA kwenye mvua mtanikuta mtaroni.

Hela yangu nitaifuatilia ninakojua, msinishauri kuhusu hilo. Ninachotaka kwenye uzi huu ni mwenye pea ya kweli, 26.0/8.5-15, bayasi, hata ikiwa imetumika, mradi mpira bado laini, ukibonyeza kwa ukucha unaingia. Picha ya ubavu, kila tairi peke yake, namba zinasomeka, pembeni yake karatasi yenye jina lako la humu na tarehe ya leo. Sitaki picha za kudownload. Sitaki "njoo PM". Na hela natoa nikiwa nimeshalishika tairi kwa mkono, hata kama ni Kiborloni saa kumi na mbili asubuhi.