Chemsha bongo ya gemu Kisumu: rudisheni alama za swali la Nerevar!

Wadau wa gemu Kisumu na Magharibi yote, naleta malalamiko haya hadharani kwa sababu nilimwandikia mwandaaji faraghani akanijibu kwa picha ya kidole gumba, basi.

Waliohudhuria Jumamosi wanajua kilichotokea. Raundi ya mwisho, mada ni historia ya Tamriel, bara la kubuni la gemu za The Elder Scrolls, swali likasomwa kuhusu Nerevar, shujaa wa kale katika gemu ya Morrowind: Nerevar alikufaje? Timu yetu ikaandika kwamba gemu haitoi jibu moja: Hekalu, yaani dini rasmi ya humo, linasema alikufa kwa majeraha ya vita, Waashlander, watu wahamaji wa humo, wanasema aliuawa na watu wake wa karibu. Tukapewa sufuri. Karatasi ya mwamuzi ilikuwa na maneno matatu tu, "majeraha ya vita". Tulipolalamika, akashika maikrofoni akasema kanoni (simulizi rasmi ya gemu) ni kanoni, tusimletee porojo. Watu wakapiga makofi! Na waliotushinda walituzidi kwa swali hilohilo.

Sasa nauliza, huyo aliyeandaa maswali amewahi kuicheza Morrowind hadi mwisho, au alichukua muhtasari mahali akaunakili?

Gemu hiyo ilitoka mwaka 2002, na fumbo lake kubwa ni hilohilo alilotupatia kama swali la kujaza pengo. Waliosema Nerevar alikufa kwa majeraha ni nani? Ni Hekalu. Na Hekalu linamwabudu nani? Almalexia, Sotha Sil na Vivec. Hao ndio watuhumiwa! Almalexia alikuwa mke wa marehemu, hao wengine wawili washauri wake. Baada ya mazishi, wote watatu wakageuka miungu kwa kutumia vifaa ambavyo, kwa maelezo yao wenyewe, walikuwa wamemwapia Nerevar kwamba hawatavigusa. Halafu mwamuzi wetu anachukua maelezo ya watuhumiwa anayaita kanoni.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka kwa Alandro Sul, mbeba ngao wa Nerevar, aliyekwenda kuishi na Waashlander baada ya bwana wake kufa. Yeye anasema ilikuwa sumu: mishumaa, mavazi, na dua zenyewe. Simulizi hiyo haikuokotwa kijiweni. Imo ndani ya gemu, na imetunzwa katika maktaba ya siri ya Hekalu lenyewe. Kwa nini wafiche uongo mtupu?

Vivec mwenyewe, akiulizwa habari hizo, anakana mauaji. Lakini anaanza kwa kuuliza ni nani awezaye kukumbuka vizuri mambo ya zamani hivyo. Anayeyasema hayo ni mungu! Kisha chukueni zile Hotuba zake 36, vitabu vilivyomo ndani ya gemu. Ile ya 29 ina orodha ya namba. Zitumieni namba hizo kuchagua maneno katika hotuba zote, moja baada ya nyingine, na sentensi inajitokeza: hakuzaliwa mungu, aliuiba uungu kwa hiari yake, alimuua kiongozi wake. Na mwishoni, kwamba aliyeandika ni Vivec. Mtu anakana mdomoni na kukiri kwa fumbo katika maandiko yake matakatifu. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko gemu nyingine yoyote, na mwamuzi ameifuta kwa maneno matatu.

Dagoth Ur, adui mkuu wa gemu aliyewahi kuwa rafiki wa Nerevar, naye ana yake. Anadai yeye ndiye aliyebaki mwaminifu akasalitiwa. Sisemi tumwamini. Nasema yumo, na anasikilizwa.

Kuna aliyenijibu pale ukumbini kwamba hizo hotuba hazihesabiki kwa sababu mwandishi wake aliacha kampuni na akaendelea kuandika mambo yake mtandaoni. Ndugu yangu, tenganisha. Aliyoyaandika baadaye nje ya gemu tunaweza kubishana hadi asubuhi, na sikuomba alama kwa hayo. Hotuba 36 zimo ndani ya gemu tangu ilipotoka. Unazikuta kwenye rafu za vitabu!

Na isidhaniwe nadai kila jibu ni sahihi. Nani alitengeneza vile vifaa? Kagrenac. Hapo hakuna pande mbili, na aliyeandika jina jingine akose. Lakini kifo cha Nerevar kimeandikwa makusudi kwa sauti zinazopingana, na anayejibu kwa sauti moja tu ndiye hakusoma.

Swali la Daggerfall, gemu nyingine ya mfululizo huohuo, lilikuwa baya vilevile. "Nani alipewa Totem?" Totem ni kifaa chenye nguvu kinachogombewa na watawala wa humo. Karatasi ikasema Mfalme Mkuu. Gemu hiyo ya 1996 ina miisho mingi, mchezaji ndiye anayeamua ampe nani, na watengenezaji walipofika gemu zilizofuata walikataa kuchagua mmoja. Wakatangaza kwamba wakati ulivunjika na yote yakatokea kwa pamoja. Waliobuni dunia hiyo wameshindwa kusema ni nani, mwamuzi wa Kisumu anajua!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuko Kisumu. Hapa kila mtu amekua akisikia habari za Lwanda Magere wa Kano, shujaa wa Waluo, mwili wake jiwe, nguvu zake kivulini, aliyeuawa baada ya mke wake kutoka kwa maadui kuitoa siri hiyo. Nani hapa hajasikia zaidi ya toleo moja? Huyu anasema yule mke alitolewa na maadui kama zawadi ya amani, yule anasema alitumwa kupeleleza tangu mwanzo. Kwetu tunamwita msaliti. Vuka uende upande wa vilima vya Nandi uulize kama binti aliyewaokoa watu wake wasimalizwe vitani anaitwa msaliti. Mzee anayesimulia hushtuki akitofautiana na mwenzake. Unamuuliza aliipata kwa nani. Tumelelewa hivyo, halafu tunakaa mbele ya kompyuta tunasahau kuuliza msimulizi ni nani na anafaidika nini.

Madai yangu ni haya. Swali la Nerevar na la Totem yafutwe kwa timu zote, alama zihesabiwe upya, na matokeo yabandikwe palepale yalipobandikwa ya kwanza. Timu iliyoshinda ikibaki juu baada ya hapo, tutawapa mkono. Kama mwandaaji hataki, basi aturudishie kiingilio, na aje hapa aeleze kwa nini neno la Hekalu lina uzito kuliko la Alandro Sul. Nimeambatisha picha ya karatasi yetu ya majibu. Walioandika kama sisi wakapewa sufuri, wekeni zenu hapa chini.