Filamu za Hollywood za miaka ya 1980: tunapozirudia, tutazame toleo lipi?

DekiYaZamani (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Likizo hii ya Desemba nimepania kuwaonyesha wanangu wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa miaka 15, filamu nilizozipenda nilipokuwa na umri wao. Nilianza na E.T., ambayo zamani niliitazama kwa mkanda wa kukodi uliokwisha kupita katika deki nyingi hadi rangi zikachuja. Diski niliyonunua safari hii ina picha safi ajabu, lakini tulipofika pale watoto wanapokimbia kwa baiskeli na maofisa wa serikali wakawazibia njia, nilishtuka kuona kwamba maofisa wale wameshika redio za mawasiliano. Nikasema kwa sauti kwamba zile zilikuwa bunduki. Mwanangu mkubwa akacheka, akasema, “Baba, shikamoo, umri umeenda.”

Nilipochunguza nikakuta nilikuwa sahihi. Filamu ya mwaka 1982 ina bunduki. Nililonunua ni toleo la mwaka 2002, ambamo bunduki zilifutwa kwa kompyuta. Tangu hapo nimekuwa nikitazama kila jalada kwa mashaka, kwa sababu karibu kila filamu iliyo katika orodha yangu ina matoleo mawili au matatu. Nimebakiwa na E.T. yenyewe, Blade Runner (1982), Aliens (1986) na First Blood (1982). Naomba mnilinganishie: nitafute lile lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema wakati ule, lile ambalo mwongozaji alilirekebisha baadaye, au la zamani lililosafishwa picha tu? Nawasilisha.

MhaririMezani

Mkuu, kazi yangu ni kuhariri video, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Kwa E.T. jibu ni rahisi, na mwongozaji wake, Steven Spielberg, mwenyewe amekwisha kulitoa. Toleo la 2002 lilitengenezwa kwa kuadhimisha miaka 20 ya filamu. Mbali na zile redio, uso wa kile kiumbe kutoka angani ulibadilishwa katika sehemu kadhaa kwa picha za kompyuta, kikaongezwa kipande cha bafuni, na neno moja alilolisema mama wa watoto likabadilishwa. Baadaye Spielberg alikiri hadharani kwamba anajutia mabadiliko hayo, na Blu-ray iliyotoka mwaka 2012 ikarudi kwenye filamu ya 1982 kama ilivyokuwa, bunduki zikiwamo. Ukitazama matoleo hayo mawili yakiwa yamewekwa sambamba, utaona kwamba kilichopotea kikubwa zaidi ni uzito wa kile kiumbe. Mwanasesere aliyebuniwa na Carlo Rambaldi alikuwa mzito na mwendo wake ulikuwa wa kusuasua, na ndiyo maana watoto walioigiza naye walimtazama kama kitu kilichopo kweli. Uso wa kompyuta una wepesi ambao macho huukataa hata kama mtazamaji hawezi kueleza kwa nini.

Nyongeza moja kuhusu kipande hichohicho cha baiskeli. Kwa kawaida mtunzi wa muziki huongoza okestra huku akiifuata picha. Katika dakika za mwisho za filamu hii John Williams alishindwa kuoanisha muziki na picha kwa namna iliyomridhisha, Spielberg akamwambia azime picha na aupige muziki kama anavyousikia, kisha filamu ikahaririwa upya ili iufuate muziki. Kila ninapoirudia sehemu ile hukumbuka kwamba mikato yake inatii fimbo ya mwongoza okestra. Jambo hilo lipo katika matoleo yote, kwa hiyo halisaidii kuchagua, lakini waambie wanao wasikilize.

Blade Runner ndiyo yenye mgogoro wa kweli. Toleo la majumba ya sinema la 1982 lina sauti ya Harrison Ford ikisimulia mambo juu ya picha, na lina mwisho wa furaha ambamo wapenzi wanaendesha gari kwenye nchi ya milima na misitu. Yote mawili yaliwekwa baada ya watazamaji wa majaribio kulalamika kwamba hawakuelewa. Picha za milima ile zilitoka katika mabaki ya filamu ya Stanley Kubrick, The Shining, ambayo Kubrick aliipiga lakini hakuitumia. Mwaka 1992 likatoka toleo lililoitwa la mwongozaji: sauti ya msimulizi ikaondolewa, mwisho wa furaha ukakatwa, ikaongezwa ndoto fupi ya farasi mwenye pembe moja. Hata hivyo Ridley Scott hakupewa nafasi ya kulikamilisha apendavyo, na ni toleo la 2007 pekee, The Final Cut, alilolisimamia kikamilifu.

Hilo la 2007 ndilo ninalokushauri, kwa sababu masahihisho yake ni ya fundi anayeziba nyufa bila kuongeza chumba. Zhora, mmoja wa viumbe wa kutengenezwa wanaosakwa, anapopita katikati ya vioo, zamani ilionekana wazi kwamba anayeanguka ni mwigizaji mbadala aliyevaa nywele za bandia. Sasa ni uso wa Joanna Cassidy, aliyeigiza nafasi hiyo. Waya zilizoning'iniza gari linaloruka zimefutwa. Njiwa anayeachiwa mwishoni zamani aliruka kwenye anga la buluu ingawa mvua ilikuwa ikinyesha na ni usiku, sasa anaruka kwenye giza. Hata hesabu ya mkuu wa polisi kuhusu viumbe waliotoroka, ambayo zamani ilimwacha mmoja bila maelezo, sasa inajumlika.

SteringiHafi

Ndugu MhaririMezani, nakuheshimu kwa ufundi wako, lakini kuhusu Blade Runner sikubaliani nawe hata kidogo. Wengi wetu tuliiona kwanza ikiwa na sauti ya msimulizi. Ni kweli kwamba Harrison Ford anaisoma kama mtu aliyelazimishwa, lakini ule uchovu unamfaa polisi aliyechoka na kazi yake, na filamu za upelelezi za Marekani za miaka ya 1940 zilikuwa na sauti ya namna ile ile. Ukiiondoa, mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza anabaki na mvua, taa na muziki wa Vangelis kwa dakika nyingi pasipo kujua anamfuata nani. Mwisho wa furaha na utupwe, hilo nakubali. Kijana wa miaka 15 nisingemwanzishia toleo la 2007. Angelala kabla Rutger Hauer hajapanda juu ya paa.

First Blood haina haja ya mjadala, kwa kuwa toleo ni moja. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na kanuni kwamba steringi hafi, na wachache wanajua jinsi ambavyo Rambo alikaribia kuivunja. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 Rambo anakufa, na waandaaji wa filamu walipiga mwisho wa namna hiyo. Kirk Douglas, ambaye ndiye aliyekuwa aigize kanali, alijitoa kwa sababu alishikilia kwamba lazima Rambo afe, na nafasi yake ikachukuliwa na Richard Crenna. Mwisho ule wa kifo huwekwa kama nyongeza katika baadhi ya diski. Usiwaonyeshe wanao kabla ya filamu yenyewe.

Ninaloomba ni usiichanganye na sehemu ya pili ya mwaka 1985. Katika ya kwanza ni mtu mmoja tu anayekufa mbele ya macho yetu, tena kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. Ni filamu ya huzuni kuhusu mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam na kufukuzwa mjini kama mzururaji, na kilio chake cha mwisho ndiyo sehemu ambayo kibandani tulikuwa tukimwomba mwenye deki aipeleke mbele. Nimeitazama tena mwaka huu nikaona tulikuwa tukiruka kiini cha filamu.

MamaWawili

Mleta mada, nisamehe nikiingilia kwa upande wa mtoto wa miaka 10, maana naona wakubwa wanashindania farasi mwenye pembe. Alama za umri za Marekani za mwanzo wa miaka ile zisikudanganye. Alama ya PG-13, inayowaonya wazazi wa walio chini ya miaka 13, ilianzishwa Julai 1984, baada ya wazazi kulalamikia filamu mbili za mwaka huo, Gremlins na ile ya Indiana Jones yenye mtu anayeng'olewa moyo, ambazo zote zilikuwa na alama ya PG ya kawaida. Kwa hiyo PG ya mwaka 1982 inabeba vitu ambavyo leo vingewekwa daraja la juu zaidi. Poltergeist ilipewa PG, na mimi mtu mzima siitazami peke yangu.

Katika orodha yako ni E.T. pekee inayomfaa mdogo. Hizo nyingine tatu zilipewa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 lazima awe na mtu mzima, hivyo mpangie usiku wake mkubwa peke yake. Ukitaka ya nne ya kutazama wote pamoja, weka Back to the Future ya mwaka 1985, ambayo uzuri wake ni kwamba hakuna aliyeigusa: hakuna toleo la mwongozaji wala toleo refu, na Robert Zemeckis hakurudi kuchokonoa. Wanao watacheka kwamba ule mwaka 1955, anaourudia kijana, ulikuwa umepita miaka 30 tu, ilhali wao wakiurudia 1985 watakuwa wamekwenda mbali zaidi kuliko yeye.

KakaWaLikoni

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote na naona hakuna aliyetaja mikanda yenyewe tuliyotazamia, ilhali kumbukumbu zetu zimetoka humo.

Kwanza, runinga zetu zilikuwa karibu mraba, na filamu nyingi zilikuwa pana. Die Hard ya mwaka 1988, kwa mfano, ilipigwa kwa upana unaokaribia mara 2.4 ya kimo chake. Ili ijae kwenye kioo cha runinga ile, zaidi ya asilimia 40 ya picha ilikatwa pembeni. Watu wawili waliokuwa wakitazamana ukumbini, kwenye mkanda ulimwona mmoja akiongea na ukuta. Pili, mikanda ya huku kwetu ilikuwa ya mfumo wa PAL, unaoendesha picha 25 kwa sekunde, wakati sinema hupigwa picha 24. Filamu nzima ilikimbia kwa takriban asilimia 4, na sauti zikapanda kidogo. Ukiona leo Schwarzenegger anazungumza kwa sauti nzito kuliko unavyokumbuka, usifikiri masikio yamezeeka.

Kwa hiyo, Ndugu DekiYaZamani, toleo la zamani unalolitafuta kwa kweli hukuwahi kuliona. Diski ya sasa iliyosafishwa vizuri iko karibu zaidi na kilichoonyeshwa ukumbini Los Angeles mwaka 1982 kuliko mkanda wetu wowote. Na tusisahau toleo jingine lisilohesabiwa, lile lenye sauti ya mtafsiri juu yake, la kina Lufufu huko kwenu na DJ Afro huku kwetu. Mjomba wangu anaapa kwamba Commando ina vichekesho, na mimi sijamfumbua macho.

Lakini jihadharini na neno “iliyosafishwa”. Predator ya mwaka 1987 ilitolewa upya kwa Blu-ray mwaka 2010, na waliosafisha waliondoa chembechembe zote za filamu hadi nyuso za wanajeshi zikawa kama za sanamu za nta. Jasho la msituni lilipotea, na bila jasho lile filamu nusu yake haipo. Aliens ya 4K ya mwaka 2024 nayo imelalamikiwa kwa sababu inayofanana na hiyo.

MhaririMezani

KakaWaLikoni amenikumbusha Aliens, ambayo niliiacha. Toleo la ukumbini ni la dakika 137 na toleo refu ni la dakika 154. Katika zile dakika 17, mbili zina thamani ya dhahabu: Ripley, mhusika mkuu, anaambiwa kwamba binti yake, aliyemwacha akiwa mtoto, amezeeka na kufa akiwa na miaka 66 wakati yeye akielea usingizini angani. Ukilijua hilo, jinsi anavyomng'ang'ania yule msichana mdogo, Newt, hadi mwisho inabeba maana nyingine kabisa, na Sigourney Weaver, aliyemwigiza, alistahili zaidi ile nafasi ya kuwania Oscar. Lakini toleo hilohilo linaonyesha makazi ya walowezi yakiwa hai kabla ya kushambuliwa, na hapo James Cameron amefungua mlango mapema mno. Katika toleo fupi tunafika pale na askari, gizani, bila kujua chochote. Mara ya kwanza, dakika 137. Mara ya pili, 154.

SteringiHafi

Hapo tumekutana. Kuhusu Blade Runner nabaki nilipo.

DekiYaZamani (mleta mada)

Wakuu, nashukuru. Diski ya 2002 nimeirudisha dukani, muuzaji akashangaa mtu kurudisha diski inayocheza vizuri. Nimeagiza E.T. ya 1982 iliyotolewa mwaka 2012, Back to the Future kwa ushauri wa MamaWawili, na Aliens fupi kwa yule mkubwa. Blade Runner nitawaonea haya nyote wawili: mkubwa ataanza na ya 2007, na akisinzia nitamwekea yenye msimulizi. Swali la mwisho: dukani nimekuta diski ya Aliens imeandikwa dakika 131. Je, imekatwa?

KakaWaLikoni

La, kaka. Hiyo ni dakika 137 zilizokimbizwa na PAL. Chukua 137, gawanya kwa 25, zidisha kwa 24, utapata 131 na ushee. Ile ndefu ya 154 utaikuta imeandikwa 148 hivi. Ila kwa Blade Runner usitegemee dakika, kwa maana matoleo yote yanacheza kwenye 116 na 117. Soma jalada hadi uone maneno The Final Cut.