Kigoma: wauguzi waliosomea wako mtaani, zahanati hazina wauguzi

Wakuu,

Kila bajeti ya afya ikisomwa tunaimbiwa kwamba upungufu wa watumishi utaisha kwa kuongeza mafunzo. Mafunzo gani tena, jamani? Waliofunzwa tunao, tunakula nao ugali nyumbani!

Ikama ya mwaka 2014, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo, iliyowekwa na serikali yenyewe, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Njooni wilaya ya Uvinza, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kule kusini kuelekea Kalya, mnionyeshe zahanati yenye hata nusu ya hao. Unamkuta muuguzi mmoja. Akiitwa wilayani, anabaki mhudumu peke yake na ndiye anayezalisha. Mama akikwama kujifungua, usafiri ni boti, na ziwa likichafuka hakuna boti.

Binti wa dada yangu amesoma uuguzi miaka mitatu, wazazi wakauza shamba la michikichi ili walipe ada. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo. Sasa anajitolea kwenye kituo kimoja, anakesha zamu za usiku sawa na waajiriwa, mwisho wa mwezi anapewa nauli, na hiyo nayo kuna miezi haitoki. Mganga mfawidhi anakiri bila yeye wodi ya wazazi haiendi. Ila kibali cha ajira hakuna. Hapo kilichokosekana ni mafunzo?

Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka mitano, kozi ya miezi sita. Siupingi, wajawazito wanahitaji wa kuwafuata majumbani. Lakini huyo mhudumu atamwambia mama awahi zahanati. Akifika, anapokelewa na nani?

Na ajira zikitoka, analetwa mtu kutoka mbali, nyumba ya mtumishi hakuna, mwaka haujaisha kashaomba uhamisho. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2010 wasomeshwe vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa ndio wanaokubali kubaki huko. Sisi tumeshawasomesha, tena kwa mifuko yetu, na Kiha cha wazee wanakijua. Waajirini!

Wabunge wa Kigoma, bungeni ulizeni nafasi za ajira ngapi zinakuja mkoani, achaneni na idadi ya vyuo.

Mliohitimu na mko mtaani, andikeni hapa kada, wilaya na mwaka mliomaliza, majina msiweke. Orodha ikijaa tunawapelekea hao wabunge.