Migahawa ya Mwanza: mnafungua kwa maputo na spika, mnafunga kimyakimya. Nunueni mizani!

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi ni wa hasira, asiyetaka apite kushoto.

Kuanzia Kiseke mpaka Buhongwa sinema ni ileile. Ukuta unapakwa rangi, bango linawashwa taa, maputo getini, spika mbili barabarani, "karibuni tumefungua". Wiki ya kwanza mkia wa sato unatoka nje ya sahani. Mwezi wa tatu bei haijabadilika ila sato kawa kama kiganja cha mtoto. Mwezi wa sita unaambiwa "samaki leo hakuna, labda kuku". Baada ya hapo ni kufuli na karatasi ya dalali kwenye mlango. Kisha utawasikia: Mwanza hakuna hela, jirani kaniroga. Hakuna aliyekuroga ndugu yangu. Una subwoofer ya laki sita na jikoni huna mizani.

Soko la Mwaloni Kirumba samaki unamnunua kwa kilo. Mgahawani unamuuza kwa kichwa, "sato mzima na ugali". Hela yenu inavujia hapo katikati. Tuseme kilo ni 12,000. Siku nyingine itapanda, nyingine itashuka, hesabu ni ileile. Sato wa gramu 600 amekugharimu 7,200. Mafuta, unga, kachumbari, ndimu na gesi, weka 2,500. Sahani imesimama 9,700, unaiuza 15,000, inabaki 5,300 ya kodi, umeme, wahudumu na wewe mwenye mali.

Sasa kijana uliyemtuma sokoni kaleta ndoo ya mchanganyiko, ndani yake wamo wa gramu 800. Huyo mmoja ni 9,600 hata magamba hayajatoka. Ukimpeleka mezani kwa 15,000 ileile umebaki na 2,900. Umepoteza 2,400 kwenye sahani moja, na mteja wala hajui kama umempendelea. Sahani 40 za namna hiyo kwa siku ni 96,000. Kwa siku 26 ni 2,496,000. Kwenye fremu, yaani chumba cha biashara, ya laki nane kwa mwezi, hiyo ni kodi ya miezi mitatu na chenji inabaki, imeliwa ndani ya mwezi mmoja na watu wanaokusifia kwamba samaki wako wakubwa.

Mkishtuka mnafanya kosa la pili, mnalihamishia kwetu. Mnaagiza vidogo vyote. Meza moja, watu wawili, oda moja, bei moja: mmoja kapata samaki, mwenzake kapata kitoto kimejikunja kwenye mafuta kama kijiko cha bati. Sato wa chini ya sentimita 25 hata kuvuliwa haruhusiwi, nyie mnamwekea pilipili na limao juu na kumwita "special".

Dawa haihitaji shahada. Samaki wakishuka kwenye pikipiki, kabla hawajaparuliwa, wapimwe mmoja mmoja. Mabeseni matatu: gramu 400 hadi 500, 500 hadi 650, na wa kuzidi hapo. Bei tatu kwenye menyu, na iandikwe wazi kwamba uzito ni wa samaki mbichi. Akitolewa magamba na matumbo anapungua, akiingia kwenye mafuta anapungua tena, kwa hiyo mteja asiyeambiwa mapema atakuja kupimia sahani macho na kudai kaibiwa. Nusu ya ugomvi wa bili unaanzia hapo.

La pili, friza. Nani aliwaambia friza la nyumbani ni la kugandishia kilo 30 za samaki wabichi ambao hawajapoozwa, kwa mpigo? Likijazwa hivyo linahangaika usiku kucha. Samaki akiganda polepole, maji ya ndani ya nyama yanafanya chembe kubwa za barafu zinazoichana nyama. Ukimyeyusha maji yote yanatoka, anabaki sponji. Ukimtupa kwenye karai anarusha mafuta, ngozi inabaki chini, na mezani anafika vipandevipande. Hapo bado umeme haujakatika mchana, akayeyuka nusu na kuganda upya jioni.

Kwa samaki wa leo na kesho tumieni barafu. Kasha lenye tundu chini, barafu iliyopondwa, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Tandika barafu, laza samaki aliyetolewa matumbo, tumbo liangalie chini ili maji yasituame ndani, funika na barafu nyingine. Ongeza asubuhi na jioni. Tundu likiziba samaki anaogelea kwenye maji yake machafu na gharama ya barafu imekwenda bure. Jiji liko ziwani, samaki anashushwa Kirumba alfajiri, halafu saa saba mchana tunakula sponji. Aibu.

La tatu, menyu. Kurasa nane, vyakula sitini. "Naomba mchemsho wa sato." Umeisha. "Rosti ya sangara?" Bado haijafika. "Kuku wa kienyeji?" Dakika arobaini na tano. "Kuna nini?" Chipsi mayai. Sasa hizo kurasa nane ni za kujipepea? Kila jina mnaloandika linadai malighafi, na malighafi isiyouzwa ni hela yenu iliyolala kwenye friza. Vyakula kumi vinavyopatikana kila siku vinatosha. Na dagaa msimwandike kama wa kila siku: anavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa anapungua na bei inaruka. Huyo aandikwe ubaoni kwa chaki.

Nimemaliza. Wenye migahawa njooni mjitetee.

#2
Mleta uzi umepiga penyewe, ila wenye fremu umewaachia. Wengi wanakufa kabla sato wa kwanza hajakaangwa. Mtu ana milioni 20. Fremu laki nane, mwenye nyumba anataka mwaka mzima: 9,600,000. Dalali mwezi mmoja: 800,000. Kodi ya zuio asilimia 10 ya pango ilitakiwa ikatwe kwenye hela ya mwenye nyumba na mpangaji aipeleke TRA, lakini mwenye nyumba anakwambia "mimi nataka yangu kamili", kwa hiyo unaitoa wewe juu yake: 960,000. Ushuru wa stempu asilimia 1: 96,000. Jumla 11,456,000 na huna hata kijiko.

Meza, viti, dari la jipsamu na bango, milioni 6. Imebaki 2,544,000. Watu saba wa laki mbili mbili ni 1,400,000. Una milioni moja na kidogo ya kununulia chakula, na leseni, cheti cha zimamoto na vipimo vya afya vya wafanyakazi, ambavyo vinarudiwa kila miezi sita, bado havijaguswa. Mvua ikinyesha wiki moja wateja wasije, umekwisha. Kaeni na mwenye nyumba mpaka akubali miezi mitatu au sita, hata akiongeza kidogo kwa mwezi. Dari la jipsamu halipiki ugali.

#3
Nikiwa upande wa jikoni niseme na mimi. Mnalaumu mpishi samaki ananyonya mafuta, hamuulizi gesi. Bosi ananunua mtungi mmoja wa kilo 15, anaufunga kwenye jiko kubwa la presha. Moto ukifunguliwa wote saa saba mchana gesi inatoka haraka kuliko inavyoweza kugeuka mvuke ndani, mtungi unapoa mpaka unatoa jasho, moto unashuka, na mafuta yanashuka nao. Samaki anataka mafuta ya nyuzi 170 hadi 180. Yakishuka chini ya hapo ngozi haikazi, anakunywa mafuta badala ya kukaangika. Na chipsi zinalegea vilevile. Unganisheni mitungi miwili kwenye bomba moja, au nunueni ya kilo 38.

Bila kipimajoto tumia mwiko wa mbao mkavu: ukichovya ncha, mapovu madogo yakitoka mfululizo mafuta yako tayari. Yasipotoka, subiri. Moshi ukitoka umechelewa. Na samaki akaushwe maji kwanza, asitoke kwenye beseni akaingia karaini. Mafuta yakishaanza kutoa povu linalokataa kutulia, yamwagwe. Si kuchanganya nusu mapya na nusu ya juzi, hiyo ni kuharibu mapya tu.

Yamwagwe kwenye dumu lakini, siyo kwenye sinki! Mji wetu ni wa mawe, sehemu nyingi mashimo ya majitaka yamechimbwa mafupi kwa sababu jabali limekataa. Mafuta yakiganda kwenye bomba la fremu, harufu inatoka chooni mpaka mezani, na hakuna sato wa kuishinda. Wekeni chemba ya kunasa mafuta kati ya sinki na bomba, isafishwe kila wiki.

#4
Vifo vyote si vya mizani jamani. Angalieni Kigongo na Busisi. Mtu alikuwa anapika kwa ajili ya abiria wanaosubiri kivuko: samaki wa kukaanga wa kubeba, mayai, maji, chai. Daraja la kilomita 3 likazinduliwa Juni 2025, gari linapita bila kuzima injini. Yule aliyekuwa anapima samaki na yule asiyepima wamekosa mteja siku moja. Hapo somo ni lingine: kama mteja wako anakula kwako kwa sababu kazuiwa njiani, usilipe kodi ya mwaka na usijenge kwa tofali. Tumieni banda linalohamishika.

#5
Na walaji nao wasemwe. Watu sita, soda mbili, meza ya mbele, mechi mbili za mpira. Halafu mnaleta nyuzi migahawa inafungwa.

#6 (mleta uzi)
#5, anayewasha mpira bila kuweka bei ya meza asilie. Lakini nakubali, kuna watu wanahamia mgahawani na chaja zao.

#4 hapo umeniweza, banda la tofali njia panda ni kamari. Ila wa Kigongo hakutuibia sahani, na uzi wangu unahusu hawa wa mjini ambao mteja anakuja mwenyewe kwa miguu yake na wanamfukuza.

#2 hiyo hesabu ibandikwe kwenye mlango wa kila dalali. Mimi naongeza moja: kabla ya kulipa, nenda kwenye fremu saa saba mchana na saa mbili usiku, siku tatu tofauti, fungua bomba uone maji yanatoka au lipo kama pambo, na muulize mpangaji aliyetoka kwa nini katoka. Dalali atakwambia kasafiri. Mtafute.

Kuna mtu kaniuliza faragha anunue mizani gani. Ya saa ya kilo 10 ni ngumu kuharibika na maji ya samaki, ila mishale yake haioneshi vizuri tofauti ya gramu 50. Ya dijitali ya kilo 5 ni bora kwa kupima mmoja mmoja, uifunike na mfuko mwepesi wa plastiki na uirudishe kwenye sifuri kabla ya kila samaki, maana ute unaobaki unajumlishwa. Ukiwa bado dukani weka juu yake chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Inatakiwa isome gramu mia tano na ishirini hivi. Ikisoma 600, mrudishie mwenye duka na usimwambie kwa nini.