Beyoncé, Oprah, Taylor Swift wote walikuwa kwa Kamala na bado akapigwa. Hivi staa anahamisha kura au anajaza uwanja tu?

Wakuu habari za muda huu. Hii kitu imenikaa kooni tangu uchaguzi wa Marekani wa 2024, Kamala Harris wa Democrat dhidi ya Trump wa Republican, na kila nikikaa na watu nakuta wamegawanyika, kuna wanaosema mastaa ndo wanaendesha siasa za kule na kuna wanaosema wafunge mdomo waimbe. Mi sikubaliani na pande zote mbili, ngoja nieleze afu mniponde.

Tarehe 6 Novemba asubuhi nilikuwa kwa kinyozi wangu, nusu ya kichwa imeshapita mashine nusu bado, tivii iko ukutani inamwaga matokeo ya majimbo. Fundi wangu ni mtu wa Beyoncé, yaani wa kupindukia, wiki nzima alikuwa anatuambia "Bey kashapanda jukwaani Houston, imeisha hiyo" na tulishawekeana kreti ya soda. Saa nne na nusu hivi Trump huyooo anapanda jukwaani Florida kushukuru watu wake. Fundi akazima mashine, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja anaangalia tivii kama mtu aliyefiwa, na mi nimekaa pale nusu kipara. Ikabidi nimwambie kaka nimalizie basi, Beyoncé hakujui.

Sasa tuangalie ile timu ya Kamala ilivyokuwa. Taylor Swift alimwaga posti yake Instagram usiku wa tarehe 10 Septemba, mdahalo wa Kamala na Trump kule Philadelphia haujapoa, na akajisaini kama "mwanamke asiye na mtoto mwenye paka", kijembe kwa JD Vance, mgombea mwenza wa Trump, aliyesema 2021 kwamba nchi inaendeshwa na wanawake wa namna hiyo. Ndani ya saa 24 watu kama laki nne na elfu sita walifuata linki aliyoweka kwenda kwenye tovuti ya serikali ya kujiandikisha kura. Siku tano baadaye Trump akaandika kwa herufi kubwa kwamba anamchukia Taylor Swift. Oprah akafanya shoo nzima na Kamala kule Michigan. Bad Bunny, msanii wa Puerto Rico, akasambaza video ya Kamala siku ileile ambayo mchekeshaji mmoja kwenye mkutano wa Trump pale Madison Square Garden aliita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea. Yaani ukiangalia orodha unasema hawa watu wanashinda asubuhi kabla watu hawajanywa chai.

Matokeo mnayajua, Trump 312 kwa 226 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, majimbo yote saba yaliyokuwa hayatabiriki yakaenda kwa Trump, na hata kura za wananchi wenyewe alimzidi Kamala kama milioni mbili na ushee.

Kwa hiyo watu wakaruka kusema mastaa hawana maana. Hapana, tusiende haraka. 2007 mwishoni Oprah alijitokeza kumuunga mkono Obama kwenye mchujo wa chama dhidi ya Hillary, na kuna wachumi wawili, Garthwaite na Moore, walikaa wakapiga hesabu kwa kuangalia wapi jarida lake lilikuwa linasomwa sana, wakakadiria alimletea Obama kura kama milioni moja. Milioni moja! Oprah ni yuleyule, tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba 2007 akina mama wengi wa Marekani walikuwa wanamjua Oprah kuliko wanavyomjua Obama, yule alikuwa seneta mgeni mwenye jina gumu. Oprah aliwatambulisha mtu. 2024 unamtambulisha nani? Makamu wa rais aliyekaa ofisini karibu miaka minne? Trump ambaye hata bibi yangu kijijini anajua nywele zake? Kila mtu alishaamua anampenda nani na anamchukia nani, na kilo ya nyama na trei ya mayai bei yake anaijua mwenyewe, hahitaji kuambiwa na mtu anayeshuka kwenye ndege binafsi.

Na hapa ndo watu wanapitwa na jambo moja kubwa. Republican nao walikuwa na staa wao, ila wenzao walimkodi wa kuja kupunga mkono, wao walimsimamisha staa kuwa mgombea. Trump alianza kuonekana kwenye kipindi cha tivii cha The Apprentice 2004, zaidi ya miaka kumi anaingia sebuleni kwa watu kama bosi anayefukuza kazi, amekaa kwenye kiti cha ngozi, uso umekunjwa. Kuna watu wamemwona hivyo tangu wakiwa watoto. Rais Reagan naye alitoka Hollywood, Schwarzenegger akachukua ugavana California 2003, Jesse Ventura yule wa mieleka akachukua Minnesota. Wamarekani wala hawana shida na staa kwenye siasa jamani, shida yao ni staa aliyetumwa.

Angalieni tarehe 25 Oktoba 2024, siku moja, jimbo moja la Texas. Beyoncé yuko Houston, uwanja umefurika, mtaani ilishavuma kwamba ataimba, akaja akaongea dakika chache kama mama anayehofia sheria za kutoa mimba, akamkaribisha Kamala, akaondoka. Texas yenyewe wala haikuwa ya kugombaniwa, Trump aliibeba kwa pointi zaidi ya 13. Siku hiyohiyo Trump yuko Austin kwenye studio ya Joe Rogan, yule wa podikasti, amekaa kwenye kiti karibu saa tatu anapiga soga, mara mieleka ya ngumi, mara sayari ya Mars, mpaka akachelewa masaa kwenye mkutano wake wa Michigan watu wanatetemeka na baridi. Sasa we niambie, kijana wa miaka 22 anayeendesha lori atasikiliza kipi mpaka mwisho?

Kwa sisi huku kuna kisa ambacho wazee wetu walikishuhudia na sijui kwa nini hatukitaji kwenye mada hizi. Februari 1980 Muhammad Ali alitua Dar es Salaam. Hakuja kupigana, alitumwa na Rais Carter kuwashawishi Waafrika wasusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Ali huyuhuyu ambaye 1967 aligoma kwenda vita vya Vietnam, wakamvua mkanda wa dunia akiwa na miaka 25, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupanda ulingoni mpaka 1970, na Mahakama ya Juu ya kwao ikamsafisha 1971. Kwa Afrika nzima yule mtu alikuwa kama ndugu. Kafika Dar, Mwalimu Nyerere akakataa kumwona! Akapangiwa waziri wa vijana. Kwa Mwalimu ilikuwa dharau, yaani jambo la mataifa unanitumia bondia?

Afu waandishi wakambana. Wakamuuliza, 1976 sisi Waafrika tuliposusia Montreal kwa sababu New Zealand walicheza raga na Makaburu, Marekani mlikuwa wapi? Na hawa Warusi mnaotaka tuwasusie si ndo wanawapa silaha wapigania uhuru wetu? Ali akabaki anashangaa, akasema mambo hayo kule kwao hawakumwambia, na akakiri labda anatumika. Mwaka 1976 Filbert Bayi wetu, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, alibaki nyumbani kwa ajili ya msimamo. Unamwambiaje tena abaki nyumbani kwa ajili ya msimamo wa Carter? Tanzania ikaenda Moscow, Bayi akarudi na fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5000, na mpaka leo hizo ndo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata.

Sasa uzito wa Ali haukuwa umepungua hata gramu. Mtu yuleyule, mdomo uleule. Ila 1967 alisema lake na akalipa kwa mkanda wake, 1980 alisema la bosi na hakulipa chochote. Watu wananusa hiyo tofauti hata kama hawawezi kuieleza.

Haya uwanja ni wenu.

*

NAONGEZEA baada ya kusoma michango.

Kuna mdau kasema Beyoncé alilipwa dola milioni 10 kumwunga mkono Kamala kwa hiyo hoja imeisha. Mkuu hiyo habari ilizunguka sana, mama yake mzazi akaikana, na Trump mwenyewe Julai 2025 akaipandisha mpaka milioni 11 na kudai Beyoncé ashtakiwe. Kilichoonekana kwenye ripoti za matumizi ya kampeni ni dola 165,000 kwa kampuni ya Beyoncé, wakasema gharama za uzalishaji. Kwa Oprah ni milioni moja kwa kampuni yake, naye akasema hakuweka hata senti mfukoni, ilikuwa ni kulipa mafundi, taa, viti na jukwaa. Wanaoamini wataamini, wasioamini hawataamini. Ila ona ninachosema, hata kama ni kweli ilikuwa gharama ya jukwaa tu, kwa mtu wa kawaida ikishafika mahali tunajadili risiti basi ule utume umeshaharibika.

Mwingine anasema wasanii wakae kimya waimbe. Afadhali ungekuwa unasema hivyo kwa wote. Hulk Hogan alichana fulana yake kwenye mkutano mkuu wa Republican Milwaukee Julai 2024 na ukumbi ukalipuka, Kid Rock akatumbuiza palepale, sikusikia mtu anawaambia warudi mieleka na gitaa. Huu wimbo wa kaa kimya huwa unaimbwa kwa staa wa upande wa pili tu. Na waliowahi kuulipia wanajulikana, lile kundi la akina dada wa kantri waliokuwa wanaitwa Dixie Chicks, Machi 2003 wakiwa London mmoja wao alisema wanaona aibu rais Bush anatoka Texas kama wao, vita vya Iraq viko mlangoni. Redio zikaacha kupiga nyimbo zao, watu wakaleta CD zao zikakanyagwa na mashine nzito hadharani. 2007 wakarudi wakabeba Grammy tano. Hao mi nawaheshimu hata ungekuwa huupendi msimamo wao, maana wateja wao wenyewe ndo walikuwa wanawaudhi. Taylor Swift naye walau nusu ya hapo anaipata, kantri ndo ilimlea.

Kaka wa Kenya ameniuliza mbona nasifia Tanzania kwenda Moscow wakati wao walisusia, na Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya 1978 alikosa Montreal na Moscow zote mbili. Hapo umenigusa kaka, sina cha kujibu, yule mzee alidhulumiwa na siasa za watu wengine mara mbili. Lakini hata hiyo inanisaidia mimi, aliyeumia ni mwanariadha, na Carter mwenyewe Novemba 1980 akaangushwa na nani? Na staa wa filamu.

Hoja iliyoniyumbisha ni ya yule aliyesema kama staa mwenyewe akigombea anashinda, mbona Kanye West 2020 alipata kura hazifiki hata laki moja nchi nzima? Kweli. Kanye aliingia kwenye karatasi za majimbo 12 tu, bila chama, na kampeni yake ilikuwa kama mtu anaamka anaamua leo nagombea. Kwa hiyo nirekebishe, ustaa peke yake hautoshi, lazima uwe na chama cha kuupanda juu yake, na Trump chama alikikuta akakifanya chake. Hapo nakubali nilizidisha.

Na Musk je, kauliza mwingine. Elon Musk, yule tajiri wa Tesla, wala simweki kwenye mada hii, alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na akawa anagawa milioni moja kila siku kwa waliosaini petisheni yake. Ukigawa hela barabarani hatuhitaji kujadili umaarufu wako.

Mwisho, kwa wale mnaouliza habari za soda, kreti yangu sijapewa mpaka leo. Kila nikienda kunyoa fundi ananiambia mtu kazidiwa milioni mbili tu kati ya watu milioni 150 hiyo ni sare, afu anaongeza sauti ya wimbo wa Beyoncé.