Kukuza keria mahali penye kivuli

Swali: Naomba ushauri wenu. Nina kona ya bustani inayopata jua la asubuhi kwa muda mfupi tu, nami ningependa kupanda hapo keria (Kerria japonica), kile kichaka chenye maua ya njano kinachopukutisha majani wakati wa baridi. Je, kitachanua vizuri?

Jibu la kwanza: Kitachanua. Kichaka hiki, ambacho asili yake ni China, Japani na Korea, hupendelea kivuli cha wastani, kwa kuwa jua kali la mchana hufifisha rangi ya maua yake. Kivuli kizito mno, hata hivyo, hupunguza maua. Chagua udongo usiotuamisha maji, na usizidishe mbolea ya naitrojeni, kwani utapata majani mengi na maua machache.

Jibu la pili: Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, yaani kupogoa. Maua hutokea kwenye matawi yaliyokua mwaka uliotangulia. Kwa hiyo pogoa mara tu maua yanapokwisha, ukikata matawi yaliyochanua hadi kwenye chipukizi lenye nguvu. Matawi yaliyokufa hutayakosa, kwa sababu yanageuka hudhurungi katikati ya yale mabichi yenye rangi ya kijani.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Na machipukizi yanayotokeza pembeni niyafanyeje?

Jibu la pili: Yachimbue pamoja na mizizi yake, kisha uyapande kwingine, hushika kwa urahisi.