Mjadala: Umri wa mgodi wa dhahabu utangazwe kwa namba moja?

Hoja: halmashauri zenye migodi huutegemea ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo. Je, mwekezaji abanwe ataje mwaka atakaofunga?

Mchorongaji: Abanwe, na hesabu aiweke wazi. Mkanda wa mwamba wenye dhahabu urefu mita 800, kina mita 200, unene mita 2.5: hizo ni mita za ujazo 400,000. Zidisha kwa tani 2.7 za kila mita ya ujazo, unapata tani 1,080,000. Asilimia 10 hubaki chini kama nguzo, mawe ya pembeni yasiyo na kitu huongeza asilimia 15, hivyo kwenye mtambo zinafika 1,117,800. Mtambo ukisaga tani 500 kwa siku, siku 330 kwa mwaka, haumalizi miaka 7. Kigumu kipi?

Nyundo: Hizo mita 2.5. Shimo la kuchoronga likiukata mkanda kwa pembe ya digrii 30, sampuli inasoma mita 5. Asiyesahihisha ana migodi miwili, mmoja wa karatasi. Tani 2.7 nazo ni za mwamba mbichi. Tabaka la juu lililooza linaweza kuwa na 1.9. Bado chembe kubwa za dhahabu: sampuli tisa zinasoma gramu 1 kwa tani, ya kumi inasoma 50, wastani unaruka hadi 5.9. Hiyo ya kumi lazima ipunguzwe kabla ya kukokotoa, la sivyo punje moja inaupa mwamba mzima utajiri usiokuwepo.

Mwana Duara: Na magwangala je? Jana mawe ya kutupa, leo viroba vinagombewa.

Nyundo: Ndiyo sababu naikataa namba moja. Gharama ikiwa dola 60 kwa tani na mtambo ukikamata asilimia 90 ya dhahabu, kwa wakia (gramu 31.1) ya dola 1,200 mwamba ulio chini ya gramu 1.7 kwa tani ni hasara. Wakia ikifika 2,400, mpaka unashuka hadi 0.86. Jiwe ni lilelile! Migodi nayo: Buzwagi ilianza kuzalisha 2009 ikakoma 2021. Geita, ya tangu 2000, ilishuka chini ya ardhi na bado inachimba. Zitangazwe namba tatu kwa bei tatu, na ionyeshwe tani zipi zimepimwa kwa mashimo ya karibukaribu na zipi ni makisio.

Mchorongaji: Diwani atashika ile ndefu.

Nyundo: Basi bajeti ifungwe kwenye ile fupi, na kila mwaka zitolewe tani zilizokwisha kusagwa.